Hodi Kutoka Bofu

Mpaka leo nikiosha vyombo na kijiko kikagonga ukingo wa glasi, mdomo wangu husema "Karibu" kabla sijaukataza. Mama amenicheka mpaka amechoka. Lawama si yangu, ni ya mlio mmoja, ting, mwembamba na safi, niliousikia siku yangu ya kwanza kazini na ambao haujanitoka masikioni.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliopewa saa ya ukutani siku ya kuagwa. Mimi sina mvi hata moja, na saa sikupewa. Lakini kazi yangu imekwisha, ofisi imefungwa, na kwa hesabu zangu mtu aliyemaliza kazi yake ni mstaafu. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wadogo zangu mtakaopata kuajiriwa kama nilivyoajiriwa mimi, wasaidizi wa utafiti, mjue kazi hii tuliifanya vipi.

Siku hiyo ya kwanza nilipanda ngazi za nyumba moja ya Mikindani, juu ya duka la rangi, nimevaa buibui jipya la kuazima kwa dada yangu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Meza ya dirishani ilikuwa ya Daktari. Huyu hakuwa daktari wa sindano, alikuwa msomi wa chuo kikuu, mwanamke mrefu aliyetoka bara, mwenye Kiswahili cha vitabuni na kicheko cha ghafla. Meza ya pili ilikuwa ya Mratibu, mwanamume aliyepiga pasi shati lake mpaka kwenye kola ya ndani, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha takwimu zetu ni safi. Meza ya tatu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Hiyo ikawa yangu.

Daktari alinipata penye karai la mama la bajia, kando ya barabara kuu. Alikuja kula, akanikuta namwelekeza mzee mmoja kutuma pesa kwa simu, narudia na kurudia, bila kumpokonya simu mkononi. Akamuuliza mama kama binti ana kazi. Mama akasema binti aliishia kidato cha pili, na tangu hapo kazi yake ni kuota mchana. Daktari akasema anatafuta mtu wa aina hiyohiyo.

Utafiti wenyewe ulihusu masomo ya mtandaoni. Kina mama wanaofundisha chekechea mitaani, na ambao hawakupata kuisomea kazi hiyo, walipewa kila mmoja kishikwambi, yaani ile simu pana kama sinia dogo, wasome kozi ya ualimu wa chekechea wakiwa nyumbani. Mwisho wa kozi kulikuwa na mtihani, na aliyefaulu alipata cheti. Wakati huo maneno yalikuwa yamezagaa mitaani kwamba asiye na cheti hataachiwa kushika darasa la watoto, kwa hiyo walijiandikisha wengi. Daktari alitaka kujua mtu akiachiwa mwalimu aliye ndani ya kioo hujifunza vipi, na ni kitu gani humfanya aendelee au akate tamaa.

Mahali masomo yalipowekwa tulipaita jukwaa. Mwanafunzi aliingia jukwaani kwa jina lake na nywila, lile neno la siri analolijua yeye peke yake. Kila alichokifanya humo, ukurasa aliofungua, swali alilojibu, muda aliokaa, kiliacha alama iliyofika kwenye kompyuta ya ofisi. Alama hizo Daktari aliziita nyayo. Na ili tusisahau kwamba nyayo ni za watu, aliitegea kompyuta ule mlio. Mama yeyote wa Kisauni, Changamwe au Likoni akiingia jukwaani, ofisini kwetu hulia ting.

Basi nimekaa kwa adabu, mikono mapajani, ting ya kwanza ikalia. Kwetu mtu akibisha huitikiwa. Nikaitika, "Karibu." Mratibu akageuka kuutazama mlango, hakuna mtu. Daktari akacheka mpaka akavua miwani, akasema kuanzia siku ile hiyo ndiyo kanuni ya ofisi, anayebisha ajibiwe. Mratibu akasema yeye ana familia na hawezi kuonekana akizungumza na kompyuta.

Kituo changu cha kwanza nje ya ofisi kilikuwa Kisauni. Kutoka ofisini kwenda kwa watu tuliita kwenda uwandani, hata kama uwanda wenyewe ni uchochoro wenye kamba za nguo. Nilipewa mfuko wa vishikwambi na hojaji, zile karatasi za maswali, na kabla ya swali la kwanza ilinibidi kupata ridhaa, maana yake mtu akubali kwa hiari yake kuchunguzwa na ajue anaweza kukataa wakati wowote. Mama mmoja alikataa siku ya kwanza, akakubali ya pili, akakataa tena ya tatu kwa sababu nimekataa chai yake. Nikanywa chai, ridhaa ikapatikana.

Daktari alinifundisha njia yake ya kazi kwa amri moja, mikono nyuma. Ukimfundisha mtu kishikwambi, mikono yako iwe mgongoni kwako. Usimguse kidole, usimbonyezee, usimwambie "nipe nikuonyeshe". Akipotea, mwache apotee kidogo, kisha mwelekeze kwa mdomo. Si rahisi. Nimekaa vibarazani Kisauni mikono ikiniwasha mgongoni, namtazama mtu akizima kishikwambi badala ya kukiongeza sauti, mara nyingine tena na tena, na mimi natabasamu. Mmoja alikuwa kila mwalimu wa kiume akitokea kwenye video anavuta mtandio kujifunika kichwa. Nilipomwambia mwalimu yule hawezi kumwona, akanijibu kwamba adabu haingoji kuonekana. Nilimsimulia Daktari. Akaniambia jambo kama hilo nisiliache njiani, nimletee kila mara, kwa sababu kompyuta haitamletea.

Kisauni palikwenda vizuri, Changamwe vilevile. Tatizo likatokea Bofu, upande wa Likoni.

Bofu tulikuwa na kikundi kidogo cha kina mama, hawakufika kumi. Msaidizi wa huko alikuwa ameolewa akahamia Malindi, na kwa muda hapakuwa na mtu wa kuwatembelea. Siku moja Mratibu akatuita mezani kwake. Kwenye kioo Bofu nzima ilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, Bi Saumu. Wenzake wote walikuwa sifuri, kama hawajazaliwa. Na huyo Bi Saumu mwenyewe alikuwa kioja. Aliingia kila siku baada ya alasiri, akakaa mpaka karibu na magharibi. Jumatatu anajibu maswali ya hesabu kama aliyezaliwa dukani, Jumanne yaleyale yanamshinda, Jumatano anaandika insha ya kupendeza kuhusu mtoto anayelia, Alhamisi hawezi kuandika mstari.

Mratibu alikuwa amewapigia simu. Kila aliyempata alisema, "Tunasoma, alhamdulillahi." Akimuuliza, "Wewe mwenyewe je?" anajibiwa, "Sote." Kwa maoni yake vile vishikwambi vingine vilikuwa vimeuzwa sokoni zamani, na hao walikuwa wanafichiana. Pendekezo lake lilikuwa Bofu ifutwe kwenye utafiti na vishikwambi vilivyobaki vikusanywe.

Kufutwa Bofu maana yake si mistari kufutika kwenye jedwali. Ni masomo kufungwa, mtihani hakuna, na cheti hakuna. Na katika kumbukumbu za usajili nilikuwa nimesoma kwamba huyo Bi Saumu amefundisha watoto wadogo kwenye baraza la nyumba yake tangu mimi mwenyewe ni mtoto mdogo. Nikasema kwa sauti ndogo, labda twende tukaone. Mratibu akasema nyayo tumeziona.

Daktari alizungusha kalamu. Kisha akasema, "Mratibu, mimi sifuti mtu ambaye hatujabisha mlango wake. Twende sote watatu. Beba ule mfuko, kama ni wa kurudi na vishikwambi utarudi navyo."

Tukavuka na feri, tukafika Bofu alasiri imeshaswaliwa. Nyumba ya Bi Saumu ilikuwa na viatu vingi vya kike mlangoni, na pazia jeupe. Nikabisha hodi. Akatoka mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, jina lake Riziki, akatukaribisha mimi na Daktari. Alipomwona Mratibu akamzuia kwa upole, ameweka mkono kifuani mwake mwenyewe.

"Utatuwia radhi, kaka. Mwenye nyumba yumo katika eda. Wewe kaa hapo kwenye ubao, chai itakufuata."

Hapo ndipo tulipojua. Mume wa Bi Saumu alifariki kozi ikiwa bado changa, na Bi Saumu alikuwa amekaa eda, ule muda ambao mjane hutulia ndani ya nyumba yake, hajipambi, hatoki bila dharura, wala hakutani na wanaume wasio maharimu wake. Ofisini hakuna aliyeambiwa. Ingekuwaje waambiwe? Mtu amepiga simu kuulizia masomo, huwezi kumtwisha msiba.

Mratibu akaketi kwenye ubao chini ya dirisha, mfuko mtupu magotini. Sisi tukaingia.

Kina mama walikuwa wamekaa mkekani kwa duara. Mmoja anachambua mchele, mmoja ananyonyesha, mmoja anashona kofia. Katikati, kishikwambi kimeegemezwa kwenye mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, kimesimama kama mgeni rasmi. Bi Saumu alikuwa karibu na ukuta, nguo nyepesi isiyo na ua, uso mpole wenye uchovu. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza jina, nikamwambia Tima, akasema alikuwa na mwanafunzi Tima aliyekula chaki. Nikasema si mimi. Akasema, nani ajuaye.

Daktari aliomba waendelee kama kwamba hatupo. Riziki akasogea kwenye kioo akasoma kwa sauti, "Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza." Duara zima likaitikia, "Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza." Vilevile tulivyosomeshwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, mmoja anatanguliza, wote wanafuata, mpaka neno linakaa. Likaja swali. Riziki akauliza zamu ni ya nani. Zamu ilikuwa ya yule anayenyonyesha. Akajibu, wakabishana kidogo, Riziki akabonyeza. Kumbe Jumatatu zamu ya hesabu ilikuwa ya mmoja mwenye duka. Jumanne ilikuwa ya mwenzake aliyekimbia hesabu maisha yake yote. Daktari alinitazama, nami nikamtazama. Bi Saumu wa kwenye jedwali alikuwa duara zima.

Daktari akauliza, bila ukali, vishikwambi vingine viko wapi. Wakamjibu viko majumbani, vina chaji, vimefunikwa vitambaa visipate vumbi. Na kwa nini basi kila mmoja asiingie kwa jina lake?

Riziki ndiye aliyesema. "Daktari, huku tumekuja kumwondolea mwenzetu upweke. Nyumba ina msiba, sasa tukae humu kila mtu na kioo chake, ameinamisha kichwa, kama abiria wasiojuana? Yeye tumwache na nani?"

"Nikawaambia wasijiharibie masomo kwa ajili yangu," Bi Saumu akasema. "Wakasema masomo watakuja nayo hapahapa. Wallahi, mwanangu, bila hiyo saa ya alasiri nisingejua siku inaishaje."

Daktari hakuandika kitu. Aliwaambia kwao bara msiba ukitokea majirani hulala palepale siku nyingi, na mama yake alipofiwa hakuna aliyemwacha ale peke yake. Akasema amesomea kompyuta miaka mingi, lakini hata yeye kwa mama yake simu aliiacha mkobani.

Ndipo sauti ya kiume ikasikika nje ya pazia, yenye kusitasita. "Samahani humo ndani. Huyo anayechelewa neno moja nyuma ya wenzake ni nani?"

Nyumba ikaangua kicheko, mpaka mtoto akaachia titi. "Ni mimi, baba," Bi Saumu akamjibu kupitia dirishani. "Sauti yangu haina haraka."

Tulipotoka tukamkuta Mratibu na kikombe kitupu, na nyuma ya bahasha amechora vistari. Kumbe alikuwa akisikiliza na kutenganisha sauti, ya kengele, ya kikohozi, ya kukwaruza, ya mwenye mafua, ya kuchelewa. "Daktari," akasema, "mimi humo ndani sikumwona mtu hata mmoja. Lakini nimewasikia wote, na wametimia." Akaukunja ule mfuko mtupu, akautia kwapani.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Utafiti una wafadhili, watu wanaolipia bando na vishikwambi, na wao wanahesabu nyayo, hawahesabu sauti. Daktari aliwaandikia waziwazi kwamba takwimu za Bofu haziwezi kuingia kwenye hesabu kuu, maana nyayo za duara hazigawanyiki tena kuwa za watu. Lakini akawaomba masomo yasifungwe, na akaongeza swali jipya katika utafiti wake, watu hujifunza vipi pamoja kwenye kioo kimoja. Mratibu ndiye aliyemsaidia kuandika. Alisema kama takwimu zimechafuka, basi angalau uchafu wenyewe uelezwe vizuri.

Jibu lilikawia, likaja na sharti. Bofu waruhusiwe mtihani, ila kila aliyesajiliwa aingie mwenyewe, kwa jina lake, kwenye kishikwambi chake, wakati mlango wa mtihani uko wazi. Akikosekana hata mmoja, kituo kizima kihesabiwe hakikushiriki. Bi Saumu angefanyia nyumbani, eda yake isiguswe, na hilo tulilishukuru, kwa sababu kama mtihani ungekuwa wa kwenda kukaa kwenye ukumbi wa shule, angeukosa. Lakini wenzake wote sasa walimtegemea yeye, kama yeye alivyowategemea wao.

Nikahamishiwa Bofu, kituo changu cha mwisho. Kazi yangu ikawa kuwafundisha watu waliokwisha kujua somo lote jinsi ya kubonyeza. Nywila zilikuwa zimesahaulika. Tukaweka mpya, mmoja jina la mjukuu, mwingine jina la samaki ampendaye, nami nageuka ukutani wanapoandika nisione. Waliona aibu kukaa kila mtu na chake, mpaka Bi Saumu mwenyewe akawaamrisha, akisema yeye ndiye mfiwa na yeye ndiye anayetoa ruhusa.

Shida kubwa ikawa ni kidole cha Bi Saumu. Kioo hakikumsikia. Wote wakibonyeza kinaitika, yeye akibonyeza kimya, kama anagonga ukuta. Vidole vyake vimepindua mikate ya moto na kufua kwa sabuni ya mche maisha yake yote, ncha zake zilikuwa kavu na laini kama kokoto ya pwani. Mimi mikono nyuma, natamani kumsaidia, machozi yananilengalenga, naye ananicheka. Hatimaye tukagundua akipangusa kidole kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, kioo huitika. Si kila mara. Akaniambia, "Usihuzunike, Tima. Kitanizoea."

Siku ya mtihani wasaidizi hatukuruhusiwa kuwa huko. Tulikaa ofisini Mikindani sote watatu, feni inazunguka kwa kujilazimisha. Mlango wa mtihani ulifunguliwa baada ya alasiri, na ungefungwa baada ya muda mfupi.

Ting. Nikasema karibu. Ilikuwa Riziki. Ting, karibu, yule mwenye duka. Ting, ting, mbili zikafuatana, nikazikaribisha pamoja. Daktari naye akawa anaitika. Jedwali lililokuwa na mtu mmoja wa Bofu likajaa majina, yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililokuwapo tangu mwanzo.

Tukangoja. Daktari akasimama, akakaa. Mimi nikawa naviona vile vidole akilini, napangusa pamoja naye, napangusa tena. Muda ukawa mwembamba. Mratibu alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, shati limeshapoteza pasi yote, anatazama kona ya kioo mahali muda unaposomeka. Akanong'ona, "Huyu huchelewa. Ndivyo alivyo. Huchelewa neno moja tu."

Ting.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kuruka. Najua nani alikuwa wa kwanza kuitika, kwa maana sauti ilikuwa nzito. "Karibu, mama," akasema Mratibu, kisha akatoa leso mfukoni akapangusa kompyuta, kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikitoka jasho.

Baadaye tulisimuliwa. Mlango ulipofunguka Bi Saumu alianza kwanza kuzunguka, huyu ana mto wa kukalia, yule ana maji, chaji ya yule imeshika. Wageni wake wote walipotulia ndipo akakumbuka na yeye ni mwanafunzi. Halafu kidole kikakataa. Riziki aliyekuwa karibu naye alitaka kumbonyezea, akakumbuka sharti, akaikalia mikono yake yote miwili. Bi Saumu akapangusa, akapiga bismillahi, akabonyeza.

Alifaulu. Hakupata alama za kumshangaza mtu, lakini alifaulu. Aliyeanguka ni Riziki, msomaji wetu. Alikuwa amezoea kusoma kwa sauti na kuitikiwa, na ule ukimya wa mtihani ukampoteza. Alirudia baadaye akafaulu, na hiyo mara ya pili, nasikia, wenzake walikaa nje ya dirisha kimya kabisa ili ajue wapo. Bi Saumu alipotoka edani baraza lake lilifunguliwa tena, watoto wamejaa, cheti kimetundikwa juu kidogo wasije wakakitafuna.

Utafiti ukafika mwisho wake, kama tafiti zote. Daktari amerudi chuoni kwake, Mratibu ameajiriwa kwingine, na kile chumba juu ya duka la rangi sasa wanashonea nguo. Kitabu cha utafiti kimechapwa. Bofu imo, sura nzima, majina yamebadilishwa ili watu wasijulikane. Mimi nimo kwenye shukrani, mstari mmoja, nao mama ameuonyesha kwa kila mteja wa bajia mpaka ukurasa umeingia mafuta.

Nikiulizwa niliambulia nini, husema nilijifunza kuweka mikono nyuma. Ukienda uwandani, mdogo wangu, utakuta watu wana njia zao za kujifunza ambazo hazikuandikwa kwenye hojaji. Usizirekebishe upesi. Kunywa chai kwanza. Na takwimu zikikwambia mahali fulani hakuna mtu, vaa viatu uende ukabishe.

Siku ya kufunga ofisi, Daktari aliniuliza jambo ambalo alikuwa ameniuliza mara nyingi. "Tima, umewaingiza jukwaani wote hawa. Wewe lini?" Nikamjibu kama kawaida, inshallah. Akasema jukwaa halifungwi, nafasi ipo, na ile kompyuta anakwenda nayo na mlio wake hautoi.

Nilikuwa nikijiambia mimi ni mtu wa kusaidia wengine kuvuka, na kidato cha pili ni mbali. Juzi asubuhi mama alikwenda kununua kunde. Nyumba ilikuwa tulivu, karai bado halijatiwa mafuta. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni na simu yangu iliyopasuka kona. Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu. Nikachagua nywila, nikageuka ukutani kwa mazoea ingawa hapakuwa na wa kuniona. Vidole vyangu vilikuwa na unga wa dengu. Nikavipangusa kwenye leso, nikabonyeza.

Upande wangu hakukulia kitu. Nikaikaribia simu, nikasema taratibu, "Hodi."